Kompyuta Inayopoteza Mtandao Kila Mara: Namna ya Kujua Panapokatika

Kompyuta iliyokosa mtandao kabisa ni rahisi kuishughulikia kuliko ile inayoupata na kuupoteza kila mara. Ya kwanza iko mbele yako na kasoro yake, na unaweza kuichunguza kwa utulivu hadi uione sababu. Ya pili hukata kwa dakika tatu, ikarudi yenyewe kabla hujajua pa kuanzia, na kukuachia dhana tu. Dhana hizo ndizo zinazozaa hatua za pupa: huyu ananunua bando jingine, yule anabadilisha ruta, mwingine anasakinisha upya mfumo mzima wa kompyuta, na baada ya muda mfupi wote watatu wanalalamika tena. Kosa lao ni kutafuta dawa kabla ya kujua ni kiungo gani kimekatika, kwa sababu kauli ya kwamba mtandao umekata hutumika kwa hitilafu ambazo hazina uhusiano wowote baina yao, na dawa ya moja haigusi nyingine.

Ni vyema kwanza tuelewane kuhusu majina machache. Kadi ya mtandao ni kile kipande ndani ya kompyuta kinachowasiliana na vifaa vingine, ama kwa waya ama kwa mawimbi ya redio. Wi-Fi ni njia hiyo ya mawimbi, nayo huishia kwenye ruta. Haiendi mbali zaidi ya hapo. Ruta ni kifaa kinachokusanya kompyuta, simu na printa za mahali pamoja kuwa mtandao mmoja wa ndani, kisha kuupitisha mtandao huo kwa mtoa huduma, na ng'ambo ya mtoa huduma ndiko iliko intaneti yenyewe. Anwani ya IP ni namba inayotambulisha kila kifaa ili data ijue pa kwenda. DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti, ambalo binadamu hulikumbuka, kuwa namba ambayo kompyuta huihitaji. Ili ukurasa mmoja ufunguke, basi, lazima kompyuta iipate ruta, ruta iipe anwani, mtoa huduma aipitishe data, na DNS itafsiri jina. Kikilegea kimoja tu kati ya hivyo, anayetazama kioo huona jambo lile lile: ukurasa haufunguki.

Mfano wa maji ya bomba unafaa hapa. Koki ikikauka, kasoro inaweza kuwa kwenye koki yenyewe, kwenye bomba lililopita ukutani, kwenye tangi la nyumba au kwenye bomba kuu la nje, na mwenye busara havunji ukuta kwanza bali hufungua koki nyingine. Kwetu sisi koki nyingine ni kifaa cha pili kilichounganishwa na Wi-Fi ile ile. Mtandao ukikatika kwenye kompyuta, tazama simu kwa wakati huo huo: ikiwa nayo imekatika, kompyuta haina hatia na uchunguzi uhamie kwenye ruta au kwa mtoa huduma, ikiwa simu inaendelea vizuri, tatizo liko kwenye kompyuta au kwenye mahali ilipokaa. Kipimo hiki kina mtego mmoja unaowapotosha wengi. Simu nyingi, zikiona Wi-Fi imedhoofika, huhamia kimyakimya kwenye data ya laini, na mtu akahitimisha kwamba Wi-Fi ni nzima. Zima data ya simu kabla ya kupima.

Alama zisizosema tunachodhani

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba vistari vya Wi-Fi vikijaa, intaneti ipo. Vistari hivyo hupima nguvu ya mawimbi kati ya kompyuta na ruta, basi. Ruta iliyochomolewa waya wa mtoa huduma itaendelea kutangaza Wi-Fi yenye vistari vyote, na kompyuta itaunganika nayo bila shida yoyote huku hakuna hata tovuti moja inayofikika.

Upande wa pili nao una upotoshaji wake. Windows huamua kama kuna intaneti kwa kuomba faili dogo la maandishi kutoka kwenye seva ya Microsoft. Faili lisipopatikana, huonyesha kwamba hakuna intaneti. Ombi hilo likizuiwa na programu ya VPN (inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia ya faragha), na ukuta wa moto wa ofisi, yaani kichujio cha mawasiliano, au na ukurasa wa kuingilia wa Wi-Fi ya umma ambao bado hujaukubali, alama itaonyesha kukatika ilhali njia nyingine zinafanya kazi. Kwa hiyo alama ya kwenye kona ya kioo ichukuliwe kuwa fununu, na ushahidi utafutwe kwingine.

Kumnasa mkosaji akiwa kazini

Ushahidi huo hupatikana kwa amri fupi iitwayo ping, ambayo Mike Muuss aliiandika mwezi Desemba 1983 na ambayo hadi leo imo ndani ya Windows, macOS na Linux. Hutuma ujumbe mdogo kwenye anwani uliyoitaja, husubiri jibu, kisha hukwambia jibu limechukua milisekunde ngapi, au kwamba halikuja. Kwa tatizo linalokuja na kuondoka sijaona chombo chenye manufaa zaidi, mradi kiwashwe kabla ya kukatika na kuachwa kikifanya kazi.

Kwenye Windows, anza kwa kufungua dirisha la amri (Command Prompt) na kuandika ipconfig. Katika majibu yake tafuta mstari wa IPv4 Address, ambao ni anwani ya kompyuta yako, na mstari wa Default Gateway, ambao ni anwani ya ruta. Anwani za mtandao wa ndani wa nyumbani kwa kawaida huanza na 192.168 au 10. Ukikuta anwani ya kompyuta inaanza na 169.254, umekwisha kupata jibu muhimu: kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa na mtu, ikaamua kujipa yenyewe. Hapo kumpigia simu mtoa huduma ni kupoteza muda, kwa kuwa mawasiliano yamevunjika kabla hayajafika hata kwenye ruta, au ruta imeshindwa kugawa anwani.

Kama anwani ni ya kawaida, fungua madirisha mawili. La kwanza liandike ping -t ikifuatiwa na anwani ya ruta. La pili liandike ping -t 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya huduma ya DNS ya Google iliyo nje kabisa ya mtandao wako. Herufi t huifanya Windows irudie bila kukoma, wakati macOS na Linux hurudia zenyewe hadi uzisimamishe kwa Ctrl na C. Fanya jaribio hili kwanza wakati mtandao ni mzima, kwa sababu zipo ruta zilizopangwa kutojibu ping, na usipolijua hilo mapema utaishutumu ruta isiyo na kosa. Kisha endelea na kazi zako huku madirisha yakiwa wazi.

Mtandao ukikatika, tazama ni dirisha lipi limenyamaza. Yakinyamaza yote mawili, mkato uko kati ya kompyuta na ruta. Ruta ikiendelea kujibu huku 8.8.8.8 imekaa kimya, kiungo cha kompyuta ni kizima na mkato uko ng'ambo ya ruta. Yakijibu yote mawili lakini kurasa hazifunguki, fungua dirisha la tatu uandike nslookup pamoja na jina la tovuti ambayo hujaitembelea siku hiyo. Jina likikosa kutafsiriwa, tatizo ni DNS. Usitegemee ping kwa kipimo hiki cha mwisho, kwani hutafsiri jina mara moja tu inapoanza, kisha huendelea kutumia namba ile ile hata kama DNS imekufa baadaye. Na ikiwa hata jina linatafsirika, mtandao haujakatika hata kidogo: chunguza kivinjari, VPN, programu ya ulinzi, na saa ya kompyuta. Saa iliyorudi nyuma kwa miaka kadhaa, kama inavyotokea betri ndogo ya ubao mama inapokwisha, hufanya kivinjari kivikatae vyeti vya usalama vya tovuti, na mwenye kompyuta akadhani amekosa intaneti.

Tazama pia namba za milisekunde kabla ya mkato. Ruta iliyo chumba kimoja nawe hujibu kwa milisekunde chache. Zikianza kurukaruka kufikia mamia, kisha majibu yakapotea, ni kwamba mawimbi yalikuwa yamekwisha kuelemewa kabla hayajakatika.

Kati ya kompyuta na ruta

Hapa ndipo penye sababu nyingi zaidi, na hapa ndipo inapofaa kuuliza swali la pili baada ya lile la mahali: inakatika lini? Kasoro inayojirudia huwa na ratiba yake, na ratiba hiyo humtaja mhusika kwa uhakika kuliko dalili nyingine.

Ikiwa inakatika baada ya kompyuta kuachwa bila kuguswa, au inapoamka kutoka usingizini, au inapotumia betri tu, shuku mpangilio wa kuokoa umeme. Windows inaruhusiwa kuzima kadi ya mtandao inapoona haina kazi, na baadhi ya kadi haziamki vizuri. Ingia Device Manager, fungua orodha ya Network adapters, chagua kadi yako, nenda kwenye ukurasa wa Power Management, kisha ondoa alama kwenye kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho. Katika baadhi ya kompyuta mpya ukurasa huo hauonekani. Hapo acha kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye umeme kwa siku moja nzima na uone kama mkato unakoma. Hii ni sababu ya kawaida sana, nayo haigharimu chochote kuiondoa, kwa hiyo naishauri ijaribiwe mapema.

Ikiwa inakatika mahali fulani tu, shuku umbali na kuta. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, na namba zake huwa hasi: hasi 50 ni mawimbi yenye nguvu, hasi 70 ni mpakani, na kwenye hasi 80 kukatika si ajabu. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya Wi-Fi, na namba hiyo itaonekana. Kwenye Windows, amri ya netsh wlan show interfaces huonyesha nguvu hiyo kwa asilimia. Vioo, vyuma na kuta za zege huidhoofisha, na ruta iliyofichwa ndani ya kabati au nyuma ya televisheni imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu yake kabla mawimbi hayajakianza chumba cha pili.

Ikiwa inakatika saa fulani, au kifaa fulani kinapowashwa, shuku mwingiliano wa mawimbi. Masafa ya 2.4 GHz, ambayo ni mojawapo ya masafa ya redio yanayotumiwa na Wi-Fi pamoja na 5 GHz, yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na ndani ya masafa hayo hayo hufanya kazi Bluetooth, oveni za maikrowevu na ruta za majirani wote. Jioni, kila mtu akiwa nyumbani, nafasi hiyo hujaa. Mhusika asiyeshukiwa na wengi ni vifaa vya USB 3.0: mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo yaliyoonyesha kwamba kelele ya redio itokayo kwenye vifaa na nyaya hizo huangukia ndani ya 2.4 GHz. Diski ya nje iliyochomekwa kando ya antena ndogo ya Wi-Fi ya USB inaweza kuizima kila unaponakili mafaili makubwa. Kuvitenganisha viwili hivyo kwa waya mfupi wa kurefusha, au kuhamia 5 GHz, mara nyingi humaliza kesi.

Nayo 5 GHz ina tabia yake. Haifiki mbali kama 2.4 GHz, na baadhi ya chaneli zake hutumiwa pia na rada, kwa hiyo ruta inalazimika kuihama chaneli mara inapohisi rada, na ikiwa chaneli mpya nayo ni ya kundi hilo, lazima iisikilize kwa angalau sekunde 60 kabla ya kuitumia. Mkato wa dakika moja au zaidi unaovikumba vifaa vyote vya 5 GHz kwa pamoja, huku vya 2.4 GHz vikiendelea, una harufu ya jambo hili. Chagua katika mipangilio ya ruta chaneli ya 36 hadi 48 kisha usikilizie.

Ikiwa inakatika kwa vipindi vinavyolingana kama saa ya ukutani, tazama muda wa anwani. Ruta haitoi anwani ya IP moja kwa moja, bali huikodisha. Kwa kawaida nusu ya muda ikipita, kompyuta huomba kuongezewa. Isipojibiwa hujaribu tena muda ukifika asilimia 87.5, na muda ukiisha bila jibu huiachia anwani hiyo na kubaki bila mawasiliano. Amri ya ipconfig /all huonyesha lini anwani ilitolewa na lini inaisha, na saa hizo zikilingana na saa za mkato huna haja ya kutafuta zaidi: sasisha programu ya ndani ya ruta, au refusha muda wa ukodishaji. Ndugu wa tatizo hili ni vifaa viwili kuwa na anwani moja, hasa pale printa au kamera ilipopangiwa anwani kwa mkono ndani ya fungu ambalo ruta nayo inaligawa. Kila kifaa cha pili kinapowashwa, cha kwanza huanza kuyumba.

Kwa anayetumia waya, mambo ni mepesi zaidi. Kilimi cha plastiki kilichovunjika kwenye kichwa cha waya huufanya ulegee kila meza inapotikisika. Waya wa shaba wa aina hii haupaswi kuzidi mita 100. Na ndani yake mna jozi nne, ambazo zote zinahitajika kwa kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde, ilhali jozi mbili zinatosha kwa 100. Ukiona kompyuta iliyokuwa ikiunganika kwa 1,000 sasa inaunganika kwa 100, badilisha waya kabla ya kugusa kitu kingine.

Windows yenyewe huweka kumbukumbu ya haya yote kwa upande wa Wi-Fi. Ukifungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika netsh wlan show wlanreport, hutengenezwa ripoti inayofunguka kwenye kivinjari ikionyesha siku tatu zilizopita, kila mkato na saa yake, pamoja na sababu iliyotajwa na mfumo. Inasikitisha kwamba watu wachache wanaifahamu, kwa maana humpunguzia mtu kazi ya kukumbuka.

DNS na dawa zinazopendekezwa ovyo

DNS ikifa, dalili yake ni ya pekee: simu ya video iliyokwisha kuanza huendelea bila kutetereka, lakini hakuna ukurasa mpya unaofunguka. Kuweka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 mahali pa DNS ya mtoa huduma huondoa tatizo hilo. Hakuondoi mengine, na hapo ndipo ushauri unaosambazwa sana unapokosea, kwa kuwa DNS hutumika kupata anwani tu, na data yenyewe haipiti humo. Mawimbi dhaifu yatabaki dhaifu hata ukibadilisha DNS mara kumi.

Kuzima ruta na kuiwasha ni dawa ya kweli, lakini haitambui ugonjwa. Huondoa anwani zilizogongana, huachia kumbukumbu iliyojaa, huilazimisha ruta ichague chaneli upya, na kwa kufanya yote hayo kwa pamoja huficha ni lipi lililosaidia. Kabla ya kuzima, soma madirisha ya ping na taa za ruta. Ruta inayohitaji kuzimwa kila siku ina kasoro: igusie mkono uone kama inaunguza, ihamishe palipo na hewa, na ikiwezekana ijaribu kwa adapta nyingine ya umeme yenye volti zile zile na ampea zisizopungua za awali, kwa sababu adapta inayozeeka huiwasha ruta vizuri kisha huiangusha kazi ikizidi. Kubonyeza kile kitufe kidogo cha kurudisha mipangilio ya kiwandani ni jambo tofauti kabisa, kwani hufuta hata jina na nywila ya kuunganika na mtoa huduma; asiye nazo asikiguse.

Kuhusu draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuitumia kadi, ushauri wa kusasisha ni mzuri pale kadi inapokatika bila mpangilio. Lakini ikiwa tatizo lilianza mara baada ya sasisho, dawa ni kurudi kwenye toleo la awali, jambo linalowezekana ndani ya Device Manager. Ile hatua ya Windows ya kuweka upya mtandao wote iwe ya mwisho, maana hufuta nywila zote za Wi-Fi na mipangilio ya VPN. Virusi hushukiwa mara nyingi kupita kiasi. Nguvu za kukivunja kiungo cha kompyuta na ruta wanazo, lakini waya uliolegea na mpangilio wa umeme hustahili kuchunguzwa kabla yao. Na bando kubwa zaidi haliponyi mkato hata kidogo, labda kama limekwisha.

Mkato ukiwa kwa mtoa huduma

Ikiwa ruta iliendelea kujibu huku 8.8.8.8 ikinyamaza, na hali ikawa hiyo hiyo kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, andika saa za mikato kwa siku kadhaa, muda wa kila mmoja, na taa ipi ya ruta ilibadilika. Kipimo cha waya ni muhimu, kwa kuwa huduma kwa wateja wataanza kwa kuilaumu Wi-Fi yako na utakuwa tayari una jibu. Amri ya tracert 8.8.8.8, ikiandikwa wakati wa mkato, huonyesha safari inakomea kituo cha ngapi; ikikomea kwenye ruta yako au mara tu baada yake, laini ndiyo inayoshukiwa. Kama mikato inafuatana na mvua, litaje hilo waziwazi tangu simu ya kwanza, kwa sababu viungio vya nyaya za nje vilivyoingiwa na maji hukata wakati wa unyevu na kupona vikikauka, na fundi anayekuja siku ya jua ataipima laini, aione nzima, na kuondoka asipojua ni kiungio gani cha kufungua.